Pini Iliyokaa Mfukoni

Asubuhi hiyo duka la vyuma lilifurika watu. Huyu anataka kufuli, yule anataka mpira wa kumwagilia, mwingine hajui jina la anachokitaka, anakichora hewani kwa vidole. Katikati ya msongamano akaingia binti mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, fulana nyeupe ina doa la oili begani, na masikioni hereni ndogo za dhahabu kana kwamba anatoka gereji kwenda harusini. Akaitua stendi ya chuma juu ya kaunta, puu! Watu wakampisha wenyewe.

"Kaka, habari za kazi? Hii stendi haina pini. Tumehama gereji, vitu vikapotea njiani. Nataka pini yake."

Mwenye duka, kijana mtanashati asiyekosa shati la pasi, aliitazama stendi. Halafu akamtazama mwenye stendi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Ya kazi gani hiyo?" akauliza, wakati anajua vizuri.

"Ya kushikilia gari. Jeki ikishanyanyua, stendi ndiyo inayobaki chini, na pini ndiyo inayoizuia isishuke. Kwani wewe unauza vyuma au mikate?"

Wateja wakacheka. Yeye akavuta droo, akaziona pini zimelala humo, nene, nyeusi, za kipimo kilekile. Mkono ulikwishanyooka kuchukua moja. Lakini akawaza: nikimpa atasema asante, atatoka, na mji huu ni mkubwa. Akaifunga droo.

"Zimeisha, dada. Njoo kesho."

Msinitazame mimi, nasimulia tu. Wako wanaume wanaotuma maua. Huyu alificha pini.

Binti akarudi kesho yake. Mzigo haujafika, akaambiwa, lakini karibu kiti, karibu soda. Akarudi tena, safari hii bila ovaroli, amevaa gauni la kijani na nywele amezisuka, naye alijidanganya kwamba amefuata pini tu. Walikwishapeana namba za simu. Akimpigia, anamwita Bwana Kesho.

"Bwana Kesho, mzigo wako unakuja kwa miguu?"

"Unakuja, laazizi. Umekula?"

"Nitakula pini?"

Wanacheka mpaka salio linaisha. Kijana alikuwa na furaha kiasi cha kusahau kwamba furaha yenyewe ameijenga juu ya uongo. Lakini hakusahau moja kwa moja. Kila akivuta droo ile kumtolea mteja mwingine kitu, moyo ulikuwa unampiga.

Ndipo ikaja ile simu.

"Bwana Kesho, umeamkaje?"

"Nimeamka nakuwaza."

"Niwaze pamoja na pini yangu basi. Kuna mteja hapa ana safari, anataka breki zake leo hii. Anapiga kelele gereji nzima, na mjomba wangu ameshaanza kufungua gurudumu."

Muda huo pini ilikuwa mfukoni mwa suruali yake. Aliitoa kwenye droo asubuhi hiyohiyo, maana alipanga jioni amtoe binti wakale mahali pazuri, na baada ya chakula amkabidhi kwa mbwembwe. Utepe wa kuifunga alikwishanunua.

"Jioni utaipata, mpenzi. Naapa."

"Jioni mteja yuko njiani. Nina bolti hapa, nyembamba kidogo. Kwa leo tu itashika, unaonaje?"

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Angesema subiri, naja, angefika kabla chai haijapoa. Akaishika pini kwa vidole humo mfukoni, akaona aibu ya kukamatwa na uongo wake, akacheka.

"Wewe ndiye fundi, mama. Mimi nauza tu."

"Haya, tutaonana jioni."

Bolti ikapinda. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, mguu mmoja ameuingiza chini ya gari, wakati stendi iliposhuka ghafla. Majirani walisaidiana kulinyanyua gari, lakini mguu ulikwishavunjika chini ya goti.

Kijana alimkuta binti kwenye benchi la hospitali, ovaroli ina vumbi, macho mekundu.

"Ni mimi," binti akasema kabla hata ya salamu. "Mjomba amenilea, amenifundisha kazi, na mkono wangu ndio ulioweka ile bolti. Ningemuua."

"Si kosa lako."

"Basi la nani?"

Akamkumbatia, na alipomkumbatia pini ikamchoma pajani. Ole wake aliyekumbatiwa na mtu wa namna hiyo!

Mjomba alirudishwa nyumbani na plasta mguu mzima. Gereji ikafungwa. Binti akamwambia kijana kwenye simu kwamba hatashika tena spana maishani, ataomba kazi ya kukaa kaunta mahali popote. Hakumtania, hakumwita Bwana Kesho. Alizungumza taratibu, kama anayeogopa kuamsha watu. Kijana akawa halali, hali, wateja wanaomba misumari anawapa bawaba.

Siku alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, binti alimletea maji ya kunywa, na kijana akaiona mikono yake. Kucha zilikuwa safi, nyeupe, hazina hata chembe ya oili. Kucha zile ndizo zilizomshinda. Akakiweka kikombe chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Si umeshaniamkia mlangoni?"

"Nina neno, na nikinywa haya maji sitalisema." Akamgeukia binti. "Pini nilikuwa nayo."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Zilikuwa kwenye droo. Nilitaka urudi."

Binti alisimama pale na jagi mkononi. "Na siku ile niliyokupigia?"

"Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeishika."

"Nilikuuliza kuhusu bolti."

"Uliniuliza."

"Ukacheka."

"Nikacheka."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaelekeza kidole mlangoni, na kijana akainuka aende zake, lakini mjomba akakohoa pale kitandani.

"Mwache kwanza. Na mimi nina langu." Mzee aliitazama plasta yake badala ya kumtazama mpwawe. "Ile bolti niliiona, mwanangu."

"Uliiona?"

"Niliiona kabla sijaketi. Nikajua ni nyembamba. Lakini yule mteja kelele zake zilinichosha, nikasema dakika mbili tu. Fundi wa umri wangu! Nikaona aibu kusema."

Binti aliwatazama, huyu kisha yule. Jagi likamponyoka, maji yakatapakaa sakafuni.

"Kwa hiyo mmeniacha nilie peke yangu? Nyote wawili! Mmoja ananifuta machozi, mwingine ananiambia ni mapenzi ya Mungu, na kila mmoja anajua! Mlikuwa mnaona haya? Mimi nilikuwa nakufa!"

Akavuta funguo za gereji msumarini, akatoka, akaubamiza mlango. Wanaume wawili wakabaki na maji yao.

"Chukua kitambaa upanguse," mjomba akasema. "Mimi siwezi kuinama."

Siku zikapita bila simu kupokewa. Kijana alipita mtaa wa gereji, upande wa pili wa barabara, akasikia nyundo ikigonga ndani, akarudi dukani bila kuingia. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alikula akashiba, ingawa alijua amempoteza.

Alasiri moja simu ikaita, na jina lililotokea ni la binti. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Uko dukani?" Sauti ilikuwa kavu.

"Niko."

"Nina gari hapa, na sina wa kunishikia taa. Vaa shati usiloliogopea."

Hakuwa na shati la namna hiyo. Alifika na jeupe. Gari lilikuwa limenyanyuliwa kwa jeki, na stendi iko tayari chini yake. Kucha za binti zilikuwa nyeusi kama zamani. Akamrushia pini aliyoinunua duka jingine.

"Weka wewe."

Aliiweka. Akaijaribu kwa kuisukuma, akaichungulia upande huu na ule, akaijaribu tena. Binti hakuja kukagua. Alishusha jeki, akalala chali juu ya ubao wa magurudumu, akajisukuma mpaka kichwa na kifua vikapotelea chini ya gari.

"Sijakusamehe," sauti ikatoka huko chini.

"Najua."

"Mjomba amekusamehe, lakini yule naye ana kesi. Mimi bado."

"Nitasubiri. Sitakudanganya tena, naapa, siwezi hata—"

"Usiape. Wewe na kuapa mbalimbali. Niambie unachosikia moyoni sasa hivi, basi."

Kijana akalitazama gari lote lile, na miguu ya binti iliyochomoza chini yake, viatu vya kazi vimechakaa visigino.

"Naogopa," akasema.

Spana ikasimama kidogo.

"Hata mimi," binti akasema. "Sogeza taa huku."