Okestra Isiyovuta Pumzi

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Kozue alichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji baridi, akapiga magoti na kufuta korido ya shule. Zamani watoto tele walisukuma vitambaa hivyo kwa mashindano. Sasa walibaki watatu: Kozue wa darasa la sita, Gakuto wa darasa la tano, na mdogo wa Gakuto, ambaye alifuta pua zaidi ya sakafu. Watoto walipungua, korido ikabaki na urefu wake uleule. Walichoka.

Mwishoni mwa Machi shule yetu ya kijiji cha Onosawa ingefungwa. Sisi wazee tuliosoma hapo tulikuwa na ombi moja: tuimbe wimbo wa shule mara ya mwisho kwa okestra, kama enzi zetu. Lakini fidla na tarumbeta zilikwishapelekwa shule ya mjini, na wapigaji walihamia Tokyo. Mwalimu Hatanaka, aliyefundisha muziki katika shule tatu na kusinzia ndani ya gari lake kati ya shule moja na nyingine, akampa Kozue kompyuta yenye sauti za ala zote. Kozue aliahidi kuitengeneza hiyo okestra. Bibi yake, Tomie, akatangazia kijiji kizima.

Kozue alipanga noti kwa kipanya. Zote zilikaa sawasawa kwenye mapigo, zote kwa nguvu ileile. Alipomaliza ubeti wa kwanza macho yalimuuma. Basi akaunakili, akaubandika mara mbili, beti tatu zikawa tayari.

Siku ya mazoezi tulipanda kilima kwenye theluji, tukavua viatu, tukajipanga ukumbini. Okestra ilisikika safi, sina ubishi, ila haikutungoja. Tulipofika mwisho wa mstari wa kwanza tukitafuta hewa, yenyewe ilikwishaingia wa pili. Ubeti wa pili unawataja waliofukiwa na theluji, na tangu zamani tunauimba kwa sauti ya chini. Ulikuja na tarumbeta zilezile za shangwe. Mmoja mmoja tukanyamaza. Kisha ikalia milio mitatu ya kinanda, kama kwenye kila sherehe ya shule: wa kwanza wa kusimama wima, wa pili wa kuinama kwa heshima, wa tatu wa kuinuka. Ule wa tatu ulilia migongo yetu ikiwa bado inashuka.

"Kozue, okestra yako inawahi basi?" Gakuto akauliza.

Bibi Tomie alisema imependeza sana. Kozue alijua bibi yake husifu chochote anachofanya, na masikio yalimwaka kwa aibu. Watu walipoondoka, alimwomba mwalimu tuimbe bila ala.

"Nimechoka, Mwalimu. Kompyuta haiwezi."

"Hata mimi nimechoka," alisema Mwalimu Hatanaka, akikaa kwenye kiti cha watoto. "Hebu niimbie sehemu ya filimbi, vilevile ulivyoiandika."

Kozue akaimba. Hapakuwa na mahali pa kuvuta pumzi. Akaishia kukohoa.

"Mpiga filimbi wako angekuwa ameshazimia," mwalimu akasema. "Hao ni watu, Kozue. Piga sehemu ya kila mmoja peke yake."

Kufuta kazi yote kulimuuma. Akaanza upya, safari hii kwa vidole, kwenye kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Mkono wa kushoto ulisukuma kidhibiti cha sauti, ili kila noti ikue polepole na kufifia kabla ya kukatika. Aliimba kila sehemu kwanza, na pale alipovuta pumzi akaacha nafasi. Fidla hakuzinakili tena. Alipiga moja, kisha nyingine, na iliyochelewa kidogo akaiacha ichelewe. Ubeti wa pili alizinyamazisha tarumbeta. Bibi Tomie aliketi karibu na jiko la mafuta akiimba ili Kozue apime pumzi ya wazee, akisinzia, akiamshwa.

"Bibi, mara moja tu."

"Na jana ulisema hivyohivyo."

Mwishowe akamwomba bibi ainame, kama atakavyoiinamia shule siku ya kufunga, akahesabu muda wake.

Siku ya kufunga tuliimba beti zote tatu. Tulipotaka hewa, okestra nayo ilivuta pumzi. Kwenye ubeti wa pili fidla zilikuja peke yazo, nyembamba, hazikulingana sana, kama sauti zetu. Nililia. Kisha mlio wa pili wa kinanda ukatuinamisha. Ukakaa, ukafifia taratibu, na hakuna aliyeharakishwa. Bibi Tomie, aliyekuwa mzito wa kuinama kuliko sisi sote, alishuka mpaka chini na kukaa huko alivyotaka. Ndipo mlio wa tatu ukatuinua.

"Leo imelikosa basi," Gakuto akanong'ona, akimpa Kozue leso.

Mwalimu Hatanaka alimshika Kozue bega. "Ile ya kwanza uliifanya ili iishe," alisema. "Hii umewafanyia waimbaji. Ukimfanyia mtu kazi, mfikirie mpaka pumzi yake, hata kama umechoka."

Kisha watoto watatu wakachukua ndoo, wakaenda kufuta korido ambayo kesho yake hakuna ambaye angeikanyaga. Sisi wazee ambao magoti yetu bado yanakunjika tukachukua vitambaa, tukapiga magoti pamoja nao.