Mbuke, Mteja wa Samli

Harufu ilianzia dukani kwa Joakim, karibu na stendi ya Bariadi, mchana kweupe, na Eufrasia akadhani ni mdomo wa Joakim.

Msimlaumu. Joakim ni mtu mzima mwenye kitambi na duka la steshenari, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anatengeneza na tovuti, na mdomo wake haujawahi kusifiwa na mtu.

Eufrasia mwenyewe ni mjane wa Ngassa, muuza samli. Ngassa alipofariki, shemeji zake wa Mwandoya walimwita arudi kijijini akae nao, maana yake awapikie mpaka azeeke. Akakataa. Akasema samli yake itamsimamisha. Wakacheka, wakamtuma dada yao Kabula aje akae naye Bariadi, eti kumsaidia. Alikuja kumwangalia tu, akianguka waje wamwokote. Sasa ikapatikana hoteli moja ya watalii kule Lamadi, inatafuta samli ya kienyeji ya kununua kila wiki. Mnunuzi wao, Bwana Deogratias, akasema kwenye simu: nitumie tovuti yako niione, halafu Jumamosi nakuja. Oda ile ikipatikana, Mwandoya hawamwoni tena. Ikikosekana, afungashe.

Ndiyo maana siku hiyo alikuwa amekaa kwa Joakim wanapanga kitakachowekwa kwenye tovuti.

"Ukurasa wa kwanza, picha ya samli," Joakim akasema, anakunja vidole. "Unaofuata, Kuhusu Sisi."

"Sisi akina nani? Mimi niko peke yangu."

"Andika sisi, mama. Mtu wa peke yake watu wanamwogopa."

"Haya. Sisi."

"Halafu bidhaa. Halafu maoni ya wateja, na hapo ndipo watu wa mahoteli wanapokodoa macho. Nani atakusifia?"

Eufrasia akawaza. Wateja anao, lakini ni watu wa kusema ukweli. Mama Jenifer wa chapati angesema samli nzuri ila bei inauma. Mwalimu Martha angesema ile ya mwezi uliopita ilinuka moshi. Kabula ndiyo usimguse kabisa.

"Tunga," Joakim akasema. "Wote wanatunga."

Basi Eufrasia akatunga. Alitaka jina la Kisukuma, la mama mtu mzima, la mtu asiyemfahamu hata mmoja, asije akadaiwa maneno. Likamjia Mbuke. Mbuke wa Nyashimo. Akamtilia na maneno mdomoni, na Eufrasia akishaanza kutunga huwa hajui kusimama: "Samli ya Eufrasia nikianza kuilamba sishibi. Kila siku lazima nirudi."

Picha ya Mbuke haikuwepo, kwa hiyo kompyuta ikaweka kile kichwa cha kijivu kisicho na uso. Joakim akayasoma maneno kwa sauti, asikie yanavyokaa. Alipofika mwisho ndipo ile harufu ikaja: ya maziwa yaliyochachia kwenye kibuyu kisichooshwa, na chini yake ya mdomo wa mtu aliyelala na nyama kwenye meno. Eufrasia akaziba pua kistaarabu kwa upande wa kitenge, akamwachia Joakim aitume tovuti Lamadi, akaaga.

Asubuhi akafungua stoo. Ndoo zimejipanga, vifuniko viko juu. Akafunua ya kwanza ili achote.

Samli ilikuwa imelambwa.

Juu yake, pale inapogandaga laini kama uso wa mtoto, kulikuwa na mifereji ya ulimi, mipana, imepishana huku na huku, na katikati ya mifereji yametuama mate mazito yenye mapovu, na ndani ya mate unywele mmoja mrefu wa mvi umejiviringa.

"Paka," akasema Kabula nyuma yake.

"Paka gani, wifi, anafunua ndoo na kurudishia kifuniko?"

"Basi panya mwenye adabu."

Kabula akacheka peke yake. Eufrasia akakwangua juu, akawatupia kuku, na kuku wakarudi nyuma wakamwangalia. Iliyobaki akaichemsha, akaichuja kwa kitambaa, akaiuza. Waliokula hawajui mpaka leo, nanyi msiwaambie. Ila kwenye kile kitambaa alikuta vitu, navyo hakumwambia hata Kabula: magamba ya ngozi nyembamba, kama ile inayobanduka kwenye midomo wakati wa kiangazi, mengi, ya kujaza kiganja, na jino moja jeusi lenye tundu. Akavifukia nyuma ya choo, akanawa mikono mpaka sabuni ikaisha, na chakula cha mchana hakikupita.

Jioni, jua linazama, wote wawili wako jikoni, mtu akapiga hodi uani.

"Mwangaluka!"

Kabula akaitikia kwa mazoea, kama anavyomwitikia mama yeyote, "Mwangaluka, mayu," kisha akaacha mwiko kwenye sufuria. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Nani anaamkia watu asubuhi wakati kuku wanaingia bandani?

Wakatoka. Uani hapakuwa na mtu. Lakini ile harufu ilikuwepo, tena safari hii ilikuwa na joto, kama mtu anakupumulia shingoni.

"Sikiliza," Kabula akanong'ona.

Stoo kulikuwa na sauti. Mlambo. Kama ng'ombe anavyomlamba ndama aliyezaliwa sasa hivi, polepole, kwa ulimi mkavu unaokwaruza, kisha kumeza, kisha kuhema, kisha mlambo tena.

"Wifi, tusiende."

"Ni samli yangu."

Na Eufrasia akasukuma mlango kwa ncha ya kidole, akaona mgongo wa mwanamke aliyepiga magoti, kanga imemnata mbavuni kwa jasho au kwa mafuta, kichwa chote kimezama ndani ya ndoo mpaka mabegani, na nywele za mvi zinaning'inia nje zikidondosha samli sakafuni tone kwa tone, na yule mwanamke, bila kuacha kulamba, akaanza kuinuka, akageuka taratibu kama mgeni anayeitwa na mwenye nyumba, na pale ambapo mtu ana macho na pua na paji la uso palikuwa na ukijivu mtupu, laini, usio na kitu, ila chini yake mdomo, mdomo mmoja mwekundu uliochubuka, umejaa samli na mate, na ulimi unautoka mpaka kifuani ukitafuta kingo za mdomo wenyewe.

Kabula ndiye aliyepiga kelele. Eufrasia alitapika.

Hawakulala mule ndani. Kulipokucha walikuwa wameshafika kwa Joakim.

"Mfute huyo Mbuke," Eufrasia akasema, hata salamu hakutoa.

Joakim alikuwa na rangi ya majivu. Kompyuta ameifunika kwa kanga ya mkewe. "Nimemfuta tangu jana, mama. Nikifungua tena, yupo. Na njoo uone picha."

Akafunua kidogo. Kile kichwa cha kijivu kisicho na uso sasa kilikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unang'aa kwa mafuta. Kioo cha kompyuta, kwa ndani, kilikuwa na ukungu wa pumzi. Joakim akafunika tena upesi.

Nje, Kabula akamshika mkono wifi yake. "Twende kwa Kija."

"Kwa mganga? Mimi ni mwanakwaya, Kabula."

"Na yule wa stoo anaimba sauti ya ngapi?"

Wakaenda. Kija ni mama mwembamba, anakaa nje kidogo ya mji, anavuta ugoro, hana haraka na mtu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akafuta pua.

"Mayu, kwenu mtoto mchanga akilia usiku na mchana, mnafanyaje?"

"Wazee wanamtajia majina ya waliotangulia," Eufrasia akajibu. "Likitajwa la yule anayemtaka, mtoto ananyamaza. Ndilo linakuwa jina lake."

"Jina linatajwa mbele ya nani?"

"Mbele ya mtoto."

"Mbele ya mwili. Kuna mahali pa kuingia. Wewe umetaja jina pasipo na mwili wowote. Hukuishia hapo, ukalipatia mdomo, ukalipatia na njaa isiyokwisha, ukaliambia lirudi kila siku. Sasa jini lisilo na kwao likapita, likakuta nguo imeshonwa na haina mwenyewe. Wewe ungekuwa jini usingevaa?"

Kabula akaguna. Eufrasia akauliza kwa sauti ndogo anatokaje.

"Mkane. Sema kwa mdomo wako kwamba hayupo, ulimtunga. Lakini mbele yangu haisaidii, mimi sikumwamini. Mkane mbele ya mtu aliyemwamini."

"Nani amemwamini?"

"Bwana wa hoteli," Kabula akasema, na safari hii hakukuwa na kicheko kwenye sauti yake.

Njia nzima ya kurudi Eufrasia alipiga hesabu. Mnunuzi anakuja kwa sababu ya sifa, wewe unamfungulia mlango na kumwambia sifa ni za uongo. Atageuza gari hapo hapo. Na Mwandoya wameshamfagilia kibanda.

Jumamosi ikafika. Ndoo zilizokuwa zimelambwa walizimwaga, wakabakiza chache walizozifunga kwa kamba na kuzikalia kwa zamu. Saa tisa mchana Bwana Deogratias akaingia, mtu msafi kupita kiasi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, na kabla hajakaa akakifuta kiti kwa leso.

"Mama, nikwambie ukweli," akasema. "Tovuti nimeona nyingi. Kilichonileta kwako ni yule mama Mbuke. Yule anaongea kama mtu anayekula kweli."

Ukutani, upande wa stoo, mlambo ukaanza. Taratibu.

Eufrasia akamtazama Kabula, na Kabula akatazama sakafu, na mlambo ukaongezeka, ukawa wa haraka, wa mtu aliyekaribia mwisho wa ndoo na anataka nyingine, na harufu ikapita chini ya mlango ikakaa katikati yao kama mgeni wa nne, na Eufrasia akayaona yale majiko ya Mwandoya, moshi wake, shemeji zake wamekaa wanasubiri ugali, akaona pia ule ulimi ukimtafuta usiku mmoja ambapo hakuna samli iliyobaki ila mafuta ya mwilini mwake, akafumba macho.

"Hayupo," akasema. "Mbuke hayupo. Nilimtunga. Nilidanganya."

Mlambo ukakatika. Harufu ikakatika. Upepo safi ukaingia dirishani, na Kabula akaanza kulia kwa furaha.

Bwana Deogratias alikuwa anatabasamu.

"Utani gani huo, mama? Si ndiye aliyenipokea hapo nje? Kaniamkia mwangaluka, nikashangaa, saa hizi. Kanionjesha na samli." Akainua kidole chake cha shahada. "Kwa kidole. Kidole chake mwenyewe, kaniingizia mdomoni."

Akaguna kidogo, kama mtu mwenye kitu kooni. Akatia vidole kinywani, akavuta unywele wa mvi, akavuta, akavuta, ukazidi kuja, akauangalia, na badala ya kuutema akaurudisha ndani akaumeza.

Kisha akasimama, akaikunja leso yake vizuri, akaiweka mfukoni. Akapita kati yao kwenda stoo. Walimkuta amepiga magoti mbele ya ndoo, kamba ameshaikata kwa meno, kichwa ndani mpaka kola, mabega yanapanda na kushuka. Alipoinuka kuhema, samli ilikuwa imemjaa kwenye nyusi na puani, inamtiririka kwenye shati lile jeupe, na midomo yake ilikuwa imeanza kubanduka ngozi.

"Zote nachukua," akasema kwa heshima, sauti imelowa. "Na nitahitaji za kila wiki."

Kabula akamvuta Eufrasia kitenge. "Wifi, usimuuzie. Tumpeleke kwa Kija, wifi, huyu ni mtoto wa watu. Wifi!"

Eufrasia hakumgeukia. Alivuta pumzi. Nyumba yake haikuwa na harufu yoyote. Akachukua kitambaa, akainama, akamfuta Bwana Deogratias kidevu kwa upole kama anavyofutwa mtoto, meno ameyakaza, akamwuliza:

"Kila wiki unataka ndoo ngapi?"