Dumu la Stanka

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Svilen alisimama langoni mwa shule akimalizia kipande cha banitsa, lile andazi la jibini, mafuta yakimng'aa vidoleni. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mwepesi wa miguu uwanjani na mwepesi zaidi wa mdomo. Pembeni yake alikuwepo rafiki yake Momchil, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kucheka.

Waliyekuwa wakimngoja ni Stanka.

Stanka alitokea mtaa wa chini, karibu na kiwanda cha nguo alikofanya kazi mama yake. Baba yake alikuwa Uhispania akichuma matunda, akirudi nyumbani wakati wa Krismasi tu. Tangu majani yaanze kupukutika, Stanka alikuwa akiamka uso umevimba. Kope zilikuwa nene hata macho yakabaki kama nyufa mbili, na soksi zilimwachia mifereji miguuni. Jioni uvimbe wa uso ulipungua kidogo, lakini jioni Svilen hakuwa langoni kuuona.

"Pisheni, pisheni! Boga linapita!" Svilen alipaza sauti.

"Tena limeiva," Momchil akadakia.

"Stanka, jana ulilala ndani ya pipa la achari nini? Mbona umeumuka hivyo?"

Stanka alipita akitazama viatu vyake. Nyuma yake alikuja mwalimu wao wa darasa, Bi Parvanova. "Ingieni ndani, mnapoteza muda," alisema, akaendelea na safari yake. Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.

Ijumaa moja waliingia darasani wageni wawili: Daktari Chakarov, mwenye koti lililochakaa viwikoni, na Nesi Veska, aliyekuwa akiburuta furushi la madumu meupe ya plastiki.

"Serikali inataka kujua watu wa nchi hii tunakula chumvi kiasi gani," daktari alieleza. "Tukiwauliza, mtasahau achari ya bibi, mtasahau soseji, na wengine mtatudanganya. Lakini chumvi tunayokula hutoka kwenye mkojo. Mkojo hausahau."

Darasa lililipuka kwa vicheko. Daktari alingoja vitulie.

"Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Mwakani utafiti huu wa afya na lishe utafanyika nchi nzima. Kabla ya hapo tunaijaribu njia yenyewe hapa kwenu, tuone kama inafaa au ina kasoro. Kuanzia Jumapili asubuhi mpaka Jumatatu asubuhi, kila tone liingie kwenye dumu. Ukikosa hata mara moja, sema. Hakuna atakayegombezwa."

"Na atakayeleta dumu zuri anapata nini?" Svilen aliuliza.

"Begi la mgongoni," Nesi Veska alijibu, akanyanyua moja la buluu lenye zipu nyingi.

"Na Boga akileta madumu mawili?"

Vicheko vikarudi. Daktari alimtazama Svilen, kisha akageuka kumtafuta huyo aliyeitwa Boga. Lakini Stanka alikuwa ameinama akijifanya anafunga kamba za viatu, na daktari hakumwona.

Jumapili Svilen alishinda ng'ambo ya mto akicheza mpira na wavulana wakubwa. Alipobanwa, aliingia kwenye matete, akajisaidia, akarudi uwanjani mbio. Dumu alilikumbuka alipokuwa akivua viatu mlangoni kwao. Jumatatu alipolibeba kwenda shule, kilichokuwemo hakikufunika hata chini yake.

Madumu yalipangwa kwenye ushoroba, nje ya vyoo, kila moja ndani ya mfuko mweusi, namba na jina la mwenyewe ubavuni. Svilen alifungua mfuko huu na ule mpaka akalipata la Stanka. Lilikuwa limejaa karibu nusu.

"Simama pale, uangalie Parvanova asije," alimwambia Momchil.

Alipofungua kifuniko aliona povu jeupe, zito, limetanda juu kama povu la sabuni.

"Njoo uone! Hata mkojo wake umeumuka. Bia tupu hii!"

Momchil alicheka hadi akashika ukuta. Svilen alimwaga wa kwake kwenye sinki, akamimina wa Stanka kwenye dumu lake, kisha akalijaza dumu la Stanka maji ya bomba mpaka palepale lilipokuwa mwanzo. Akafunga vifuniko, akapangusa mikono kwenye suruali. Kwake ulikuwa mzaha tu, na mwisho wa mzaha kulikuwa na begi.

Siku chache baadaye Bi Parvanova aliingia darasani amekunja uso.

"Stanka, simama. Nimepigiwa simu na watu wa utafiti. Wenzako wamepeleka mkojo, wewe umepeleka maji ya bomba. Unawaona madaktari wajinga?"

Stanka alisimama akishikilia dawati. "Mwalimu, mimi sikutia maji."

"Nani basi, malaika?"

"Sijui, Mwalimu. Mama aliniona nikijaza. Naapa."

"Usiape! Mama yako nimeshamwita, aje aone aibu uliyotuletea."

Mama yake, Milka, alifika na aproni ya kiwandani, nyuzi zikiwa zimemganda mikononi. Alisimama mlangoni akasikiliza, darasa zima likimtazama. Hakubishana. Alimshika binti yake mkono, naye Svilen, aliyekaa dawati la mbele, akamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ulitia maji nilipopanda kitandani, siyo? Hata kukojoa nako, Stanka, unadanganya?"

Siku hiyohiyo mabegi yaligawiwa. Svilen alilivaa la kwake mpaka nyumbani. Kuanzia hapo Stanka hakuitwa tena Boga. Aliitwa Bomba. Wakati wa mapumziko kuna waliofungua mabomba ya chooni alipopita na kumwita aje ajaze. Kabla ya wiki kuisha aliacha kuja shule.

Kisha simu ikalia nyumbani kwa kina Svilen. Mama yake, Dochka, aliipokea akiwa anakaanga pilipili. Alipoiweka chini, pilipili zilikuwa zimeungua.

"Mwanangu, watu wa utafiti wanasema figo zako zinavuja. Protini inatoka kwenye mkojo wako kama maji kwenye kapu. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya mkoa." Alimkumbatia, akaanza kulia. "Na wewe unaruka kutwa nzima! Mbona hukuniambia kama unaumwa?"

Svilen naye aliogopa. Alilala akijipapasa kiuno. Ni alipokuwa ndani ya basi, mama yake akiwa amemshika mkono kama mtoto mchanga, ndipo alipokumbuka lile povu. Akatulia. Haya, si mimi, alijiambia. Watanipima, wataona mzima, tutarudi.

Wodi ya watoto ilikuwa chini ya Daktari Chakarov mwenyewe. Walimtoboa Svilen mkono huu na mkono ule, wakamnyima chumvi, wakamlaza. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo binti mdogo wa miaka kama sita. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamebaki nyufa mbili, na soksi zilimwachia mifereji miguuni.

Svilen alimtazama muda mrefu. "Nesi, huyu ana nini?"

"Figo," Nesi Veska alijibu akirekebisha blanketi la yule mtoto. "Damu ikikosa protini, maji hukaa mwilini. Ndiyo maana anavimba, hasa usoni akiamka. Mkojo wake ulikuwa na povu, mama yake akawahi kumleta. Angechelewa, kijidudu kidogo tu kingetosha kummaliza."

Svilen akavuta blanketi, akajifunika hadi kichwani.

Asubuhi daktari alikuja na majibu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Svilen, mkojo wako wa jana ni safi kabisa. Wa dumu ulikuwa mchafu mno. Figo haziponi namna hiyo kwa siku chache. Niambie kweli, ule ulikuwa wako?"

Mama yake alikuwa amesimama palepale, macho mekundu. Svilen alifikiria jina atakaloitwa yeye langoni.

"Ulikuwa wangu," alisema.

Daktari alifunga faili lake. Alimruhusu arudi nyumbani, arudi kupimwa baada ya wiki.

Shuleni Momchil alimpokea kwa shangwe. "Umerudi! Bomba bado hayupo. Nimesikia limekauka kabisa, halitoi hata tone!"

Wengine walicheka. Svilen alifungua mdomo ili naye acheke, kicheko kikakataa. Siku ile ikapita, na nyingine ikapita, naye akila chakula kisicho na chumvi alichopikiwa na mama yake. Jioni moja mama aliweka kijiko chini. "Mimi nikiwa kazini, nawaza tu kama nitakukuta hai," alisema. Svilen akasukuma sahani kando.

"Mama, mimi siumwi. Ule mkojo ni wa Stanka."

Alieleza yote, mpaka povu, mpaka bomba. Mama yake alimsikiliza bila kupepesa macho. Kisha alimnasa kofi ambalo hakuwahi kumpiga tangu azaliwe.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha! Vaa koti. Wewe ndiye utakayemwambia mama yake, si mimi."

Milka aliwafungulia mlango akiwa amechoka. Chumba kilinukia siki. Alikuwa akimkanda binti yake kwa vitambaa vya siki ili homa ishuke. Stanka alikuwa amejikunja kitandani, tumbo limejaa kama ngoma, midomo imepasuka kwa homa.

"Anasema tumbo linamuuma," Milka alisema. "Nilidhani anakwepa shule kwa aibu. Leo asubuhi nilimgombeza nikamwambia ainuke."

"Mama Stanka," Svilen alianza. "Maji nilitia mimi. Stanka hakudanganya. Mkojo wake niliuchukua, na madaktari wameuona una ugonjwa, wakadhani ni mimi."

Milka alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Halafu akageuka, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumbusu binti yake mikono. "Ulinieleza," alirudia. "Ulinieleza, nami nikakataa." Dochka ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Stanka alilazwa hadi theluji ilipoanza kuyeyuka. Vijidudu vilikuwa vimeingia tumboni, vikamwangusha vibaya, na siku za mwanzo hakuna daktari aliyethubutu kumwambia Milka neno la matumaini. Baadaye dawa zilishika. Uvimbe wa miguu ulikwisha, ingawa dawa zenyewe ziliyafanya mashavu yake kuwa ya mviringo zaidi kuliko zamani. Mwaka wa shule ulimpita.

Bi Parvanova alimwomba Milka msamaha mbele ya darasa lilelile. Alisema maneno machache, na hakuna aliyecheka.

Svilen alipokwenda kumtazama Stanka, alisimama miguuni pa kitanda na hotuba aliyoikariri njiani. Stanka alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

"Unataka niseme yamekwisha ili ulale vizuri. Hayajakwisha. Mama yangu aliniita mwongo, Svilen. Hilo povu utalisahau, mimi ile sauti yake sitaisahau." Aligeukia dirishani. "Nenda. Nikirudi shule, usinisalimu langoni."

Alitoka. Daktari Chakarov alimkuta kwenye benchi la ushoroba, akakaa karibu naye.

"Daktari, kama ningesema kweli siku ile uliponiuliza, angeumia hivi?"

Daktari angeweza kumfariji. Hakufanya hivyo.

"Hapana. Angekuja hapa akitembea kwa miguu yake."

Svilen alifunika uso. Daktari alimwacha alie, kisha akaendelea kwa sauti ya taratibu.

"Na sisi tulikosea, nimeandika hivyo kwa wakubwa zangu. Tuliweka madumu ya watu wazi ushorobani. Tukaahidi zawadi, mtoto akaona bora adanganye kuliko akose. Tukampa mwalimu majibu yaliyopaswa kumfikia mzazi. Nilikusikia ukimtukana mtu darasani, nikaacha kuuliza ni nani. Mwakani hakuna zawadi. Nesi atalifuata dumu nyumbani, kifuniko kikiwa na lakiri, na majibu atapewa mwenyewe na mzazi wake. Njia mbaya tunaweza kuirekebisha, ndiyo sababu tuliijaribu kwanza hapa kwenu. Lakini hakuna lakiri ya kufunga moyo wa mtu, Svilen. Hiyo kazi ni ya kwako."

"Nifanye nini sasa?"

"Sema kweli mapema, hata ikikuchoma. Na ukiona mwenzako amebadilika, uso umevimba, hatembei kama zamani, kamwulize anaumwa wapi kabla hujamtafutia jina. Ulidhani umemwibia mkojo. Ulimwibia ukweli wake, na mtu asiyeaminiwa hufa akiwa anasema naumwa, watu wakimsikia."

Alisimama, akamwekea mkono begani kidogo, akarudi wodini. Stanka alikuwa anangoja sindano yake ya mchana.