Mkia wa Msafara

Chupa zilitoka kumi na moja, zikarudi kumi na mbili.

Mama Kioo alizihesabu mara ya pili, kisha ya tatu, akigusa kila kifuniko kwa ncha ya kidole, kama mfugaji ahesabuye vifaranga baada ya kivuli cha mwewe kupita. Ila mwewe hupunguza, haongezi. Kreti lake lilikuwa na matundu kumi na mawili, na kwa kuwa waendesha baiskeli wa msafara ule walikuwa kumi na mmoja, tundu moja lilishinda tupu tangu walipoanza safari jana. Sasa lilikuwa limejaa. Chupa iliyokaa humo ilifanana na zile nyingine kwa rangi na ukubwa, lakini haikuwa imepungua hata funda moja, na maji yake yalikuwa ya moto. Alipoifungua, ilitoa harufu ya marashi yaliyochacha.

"Mama, unazihesabu kama mahari," alisema Kitinda, bintiye, akipangusa jasho shingoni. "Twende, jua halitungoji."

"Nani ameongeza chupa?"

"Watu huiba chupa, Mama. Hawazileti."

Mama Kioo alicheka kidogo ili asionekane mzee wa kushtushwa na maji. Akaifunga ile chupa na kuirudisha tunduni.

Kazi yao ilikuwa hiyo mwaka wa sita sasa: siku tatu za kuwasindikiza watu kwa baiskeli juu ya barabara iliyokata ukingo wa majabali, bahari chini upande mmoja na mlima upande mwingine, mpaka penye mnara wa taa ambapo barabara huishia. Mbele ilitangulia gari ya mdogo wake, fundi wa baiskeli aliyeitwa Njiti kwa sababu ya wembamba wake. Nyuma ya wote alikuja yeye na maji, na jina la Mama Kioo alilipata kwa sababu macho yake hayakubanduka kwenye kioo cha pembeni. Kati ya magari hayo mawili walikwenda wageni kumi, miongoni mwao daktari wa meno, mwalimu, na bwana na bibi harusi, na wa kumi na moja alikuwa Kitinda, ambaye alipaswa kuwa mkia wa msafara, yaani asimwache yeyote nyuma yake isipokuwa gari ya mama yake. Kitinda alikuwa kitindamimba, na kati ya wanne aliowazaa Mama Kioo, ndiye pekee aliyebaki.

Walikuwa na desturi yao ya kugawa maji. Mwenye kiu hakusimama. Alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na dirisha la Mama Kioo, akanyoosha mkono. Naye, bila kuondoa macho barabarani, alimpa chupa huku akisema maneno yale yale siku zote: "Kunywa, mwanangu, tuko pamoja." Hata daktari wa meno, mtu wa miaka sitini na kitambi chake, aliitwa mwanangu, na alijibu, "Ahsante, Mama," kwa sauti ya mtoto, wote wakacheka.

Walipoondoka kituo hicho cha mapumziko, Mama Kioo alikumbuka jambo. Jana, adhuhuri, penye kona kali kuliko zote, mkono ulifika dirishani naye akatoa chupa na maneno yake. Vidole vilivyoipokea vilikuwa virefu, vya baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki. Hakuvitazama. Lakini wanaotaka maji hurudi kutoka mbele, na mkono ule, alipouwaza sasa, ulikuwa umetokea nyuma.

Adhuhuri ya siku hiyo ya pili upepo ulikata ghafla. Bahari ikatulia kama bati, vivuli vikajikunja chini ya magurudumu, na katika ule ukimya Mama Kioo akausikia mlio ambao kila mpanda baiskeli anaujua, mlio wa gurudumu linaloteremka bila kukanyagwa: tik-tik-tik-tik. Ulitoka nyuma ya gari. Alitazama kioo, barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka ilipojipinda. Aliongeza mwendo, nao ukaongezeka. Akapunguza, nao ukapungua.

Waliposimama kula, Njiti alipanga sahani juu ya meza ya kukunja, akapakua chakula kwenye zote kwa haraka yake ya kawaida.

"Kumi na mmoja wameshapata," alisema akifunika sufuria.

"Na Kitinda?"

"Nani?"

"Njiti, sina hamu ya mzaha."

"Dada, mzaha gani? Kitinda ndiye nani?"

Kitinda alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono mitupu. "Mjomba," alisema, na sauti yake ilikuja hafifu, kama ya mtu anenaye akiwa chumba cha pili. Njiti alikunja uso, akapepesa macho, kisha uso ukamwiva kwa aibu. "Kitinda! Jua limeniingia kichwani, mwanangu. Njoo, chukua yangu." Lakini sahani kumi na moja zilikuwa zimechukuliwa, na walaji walioonekana pale, ukimtoa Kitinda, walikuwa kumi tu. Mama Kioo alitazama chini. Kila mtu alikuwa na kivuli kifupi cheusi miguuni. Cha bintiye kilikuwa rangi ya majivu.

Alasiri, msafara ulipopumzika penye kituo cha mafuta, alimwendea fundi wa pancha, mwanamke mnene aliyekuwa akitumbukiza mpira ndani ya karai la maji kutafuta tundu. Kabla hajasema neno, yule fundi alinusa hewa.

"Umembeba," alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Marashi hayo nayajua. Ulimpa nini?"

"Maji."

"Na neno?"

Mama Kioo akasita. "Nilimwita mwanangu."

Fundi aliachia mpira, ukaelea. "Basi umemzaa. Huyo ni jini wa barabara hii, dada yangu, na tangu barabara ilipokatwa hana mahali pengine pa kukaa ila mwisho. Watu wakipita kwa safu, yeye hufuata. Akipewa neno, hujiunga, na akijiunga, anayeshika mkia humwachia nafasi. Mtafika mnarani kumi na mmoja, kama mlivyotoka. Hakuna atakayeona pengo."

"Na mwanangu?"

"Mwanao yupi?" aliuliza fundi, kwa upole wa kutisha. "Kesho ndivyo utakavyosema. Haiumi. Nilikuwa na kaka, naambiwa. Picha ninayo, sura siikumbuki."

"Hicho ndicho kinachonitia hasira," alisema Mama Kioo. "Bora angeniua kwa uchungu kuliko kunifanya nisilie."

"Basi mtoe mwanao mkiani. Mweke mwingine. Mgeni yeyote."

"Mgeni yeyote ana mama yake."

"Mpe mmoja, dada. Ni zawadi ndogo kwa barabara."

"Wote nawaita wanangu, na mimi sikuzaa zawadi."

Usiku huo alilala ameshika mkono wa bintiye, akirudia jina lake mpaka midomo ikakauka. Hata hivyo alfajiri alipofumbua macho alijikuta akimtazama msichana aliye kitandani na kujiuliza, kwa muda wa pumzi moja, alikuwa mtoto wa nani. Pumzi hiyo moja ilimtisha kuliko kwato na pembe zote alizowahi kusimuliwa. Aliwasha gari meno yakiwa yameumana.

Siku ya tatu kila kitu kilikwenda mbio kuelekea mnarani. Kitinda alikanyaga, lakini mnyororo wake haukusikika. Wageni walipopiga gumzo, maneno yao yalimpita kama apitwavyo mtu aliyekufa. Na nyuma ya gari ule mlio, tik-tik-tik, ulikuwa umesogea mpaka ukawa sambamba na gurudumu, kisha sambamba na mlango, na ile harufu ya marashi yaliyochacha ikajaa ndani ya gari pamoja na joto, na pembeni ya jicho lake, mahali ambapo kioo huishia na barabara huanza, kukawa na bega, na mgongo ulioinama, na miguu iliyozungusha pedali bila viatu kwa sababu haikuwa na nyayo za kuvaa viatu, ilikuwa na kwato, kwato nyeusi zilizogonga chuma taratibu, naye hakugeuza uso, alimpita Mama Kioo kama mwenye haki ya kupita, akawa anamkaribia Kitinda kwa nyuma, urefu wa baiskeli tatu, mbili, moja.

Kutoka kona waliyofika mnara ulionekana tayari, mweupe juu ya jabali.

*Hana mahali pengine pa kukaa ila mwisho.*

Basi Mama Kioo akafanya jambo ambalo kwa miaka sita hakuwahi kulifanya, na ambalo gari ya nyuma haifanyi katu: alipita. Alimpita jini, akampita bintiye, akawapita wageni mmoja mmoja huku akipiga honi moja ndefu isiyokatika, ambayo kwao ilikuwa amri ya kufuata bila kuuliza. Akampita na Njiti aliyekuwa ametoa kichwa dirishani akipiga kelele, "Dada, umerogwa?" Akaingia uwanja mpana wa lami ambapo watu husimama kutazama bahari, akaanza kuzunguka.

"Nifuateni!" aliwaita. "Kila mtu ashike gurudumu la mwenzake! Msiache nafasi!"

"Mama, huku si mnarani!" alilia daktari wa meno.

"Fuata, mwanangu, au nikung'oe meno!"

Wakafuata. Mtu akicheka, mtu akinung'unika, waliingia mduarani mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho akiwa Kitinda, rangi yake imefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Mama Kioo alipunguza mwendo, akaukaza mduara, akaendelea kuzunguka mpaka pua ya gari ikafika nyuma ya gurudumu la bintiye, karibu kuligusa. Hapo mduara ukafunga. Palikuwa hapana mbele, wala nyuma.

"Njiti! Simama hapo katikati uhesabu!"

Njiti, aliyekuwa ameegesha katikati ya uwanja, aliruka kutoka garini, akanyoosha kidole, akakishusha. "Dada, nianzie wapi? Nani wa kwanza?"

"Ndiyo maana yake! Usihesabu, basi. Waite! Ita jina la kila uso upitao mbele yako!"

Akaita. "Daktari! Mwalimu! Bwana harusi! Bibi harusi!" Na nje ya mduara, tik-tik-tik, kile kitu kikazunguka kinyume kikitafuta mwanya, kwa kasi, kwa kasi zaidi, sasa watu wote wakikiona, na hakuna tena aliyecheka. Bibi harusi alipiga yowe. "Msitazame nje!" Mama Kioo aliamuru. "Tazama gurudumu la mwenzako! Atakayeacha nafasi atakuwa ndiye mwisho!"

Hapakuachwa nafasi. Jini likaja dirishani. Uso wake haukuwa wa kuogofya. Ulikuwa laini, haujakamilika, kama uso wa Kitinda ulioanzwa kuchorwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Likanyoosha mkono ule mrefu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bintiye kabisa.

"Mama. Maji."

Mama Kioo aliondoa macho barabarani, akaligeukia na kulitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya kwanza.

"Nilikupa kwa kutojua," alisema. "Sasa ninakunyima kwa kujua. Mimi si mama yako."

Akaichukua chupa ya kumi na mbili, akaimimina yote dirishani, na maji yakafuka moshi yalipogusa lami. Katikati ya uwanja Njiti alikuwa amekwama kwenye jina, kidole hewani, uso mwingine ukipita mbele yake. Machozi yakamtoka. Kisha akaguta kwa nguvu ya mapafu yake membamba:

"Kitinda! Kitinda wa dada yangu! Kitinda!"

Mlio ukakatika. Kile kitu kilitoka moja kwa moja kuelekea ukingoni, kikapita juu ya uzio wa chuma kama kipitacho juu ya kizingiti cha nyumba yake, wala hapakusikika kishindo majini. Upepo ukarudi. Na juu ya lami, kikizunguka miguuni pa msichana aliyekuwa anahema na kulia, kulikuwa na kivuli cheusi kama wino.

"Mama," alisema Kitinda aliposhuka, "nilikuwa nawaita tangu jana."

"Najua, mwanangu."

"Tugeuze, dada," alisihi Njiti. "Turudi nyumbani kwa njia nyingine."

"Hatugeuzi. Tulitoka kumi na mmoja kwenda mnarani, na kumi na mmoja hawa ndio watakaofika. Shika mbele."

Walifika. Katika ile nusu saa ya mwisho Mama Kioo alirudi mahali pake, nyuma ya wote, na karibu na mnara akausikia tena, mbali sana, tik-tik-tik. Akashusha kioo cha dirisha mpaka chini.

"Barabara ni ya wote, fuata ukipenda," alisema bila kupaza sauti. "Lakini mkia wa msafara huu ni mimi. Njoo uichukue nafasi, kama unaiweza."

Kile kitu hakikuja.

Bado anaendesha gari ya nyuma. Mwenye kiu hupewa maji baada ya kutazamwa usoni na kutaja jina lake, na wageni hudhani ni utani wa kampuni. Katika kreti lake tundu la kumi na mbili huachwa tupu. Asubuhi nyingine hulikuta limelowa, likinuka marashi. Hulifuta kwa kitambaa mpaka likauke, huwatazama wote mmoja mmoja, kisha hupiga honi, nao huondoka.