Insha Zilizotandikwa Kwenye Bati la Keki

"Jacinth, umeanguka tena."

Mwalimu Eudine aliiweka insha mezani. Kurasa tatu, zimechapwa safi, na kalamu yake ya kijani imepita kila mstari.

"Siwezi, Mwalimu. Kichwa changu ni cha kuchambua kungumanga tu."

"Nyamaza! Tangu Septemba nasema, ukiandika kuhusu hadithi, mhusika anafanya, si alifanya. Ukikifungua kitabu hata leo, yule mama bado anasimama dirishani. Wewe unaandika alisimama, mara anasimama, mara alikuwa amesimama. Mama wa watu hajui kama yupo au kashaondoka!"

Darasa la Jumamosi likaangua kicheko. Jacinth naye akacheka, macho yanamwasha. Bila insha tatu za kupita, Mwalimu hapeleki jina la mtu kwenye mtihani, na bila mtihani hakuna chuo cha ualimu. Mwaka wa pili huu, jina lake liko nje.

Simu ikatetemeka. Alric, mchumba wake.

"Nipo getini. Toka."

Halafu: "Mbona hutoki? Unaongea na nani?"

"Hii nani kakuchapia?" Mwalimu aliuliza.

"Alric. Naandika kwa mkono, yeye anachapa ofisini kwao."

"Basi niletee rafu, zile ulizoandika kwa mkono. Sisomi tena kitu chako bila rafu."

Jacinth alikuwa akiishi kwa mama yake Alric, Mama Clotil, hapo hapo Gouyave, tangu mama yake mwenyewe afariki. Kazini, kwenye ghala la kungumanga, Alric anampeleka, darasani anamfuata, hata kanisani anamchagulia benchi. Watu wanasema kapendwa huyo.

Jumapili baada ya ibada, shelisheli likichemka kwenye tui la nazi, Jacinth akauliza,

"Alric, rafu zangu umeweka wapi? Mwalimu anazitaka."

"Rafu za nini, mpenzi? Nilizichoma."

"Umechoma zipi?" Mama Clotil akadakia, mwiko mkononi. "Mbona nazitandika kwenye mabati ya keki wiki zote hizi? Zimo kwenye droo hiyo."

Alric akainuka. Jacinth akaiwahi droo.

Karatasi zilikuwa zimekatwa pembe ziwe duara, maneno karibu yote yamesalia, mwandiko ni wake. *Anasimama. Anatazama. Anafungua.* Akachukua insha iliyochapwa, akailaza kando. *Alisimama. Alikuwa ametazama.*

"Hapa niliandika anafungua."

"Makosa ya kuchapa, mpenzi. Vidole."

"Vidole vyako vinakosea kwenye vitenzi tu? Mbona jina lako hapo chini halijakosewa? 'Imechapwa na Alric Modeste'!"

Alric akaketi tena.

"Ukipita utakwenda mjini," Alric alisema, sauti imeshuka. "Ukienda hutarudi kwangu. Nakupenda, Jacinth. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia unaogopa."

"Ungebaki?"

"Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua. Miaka miwili napiga magoti namwomba Mungu anipe akili, Alric. Kumbe alishanipa, wewe ndiye unayeifuta!"

"Mama, mwambie basi!"

Mama Clotil alizima jiko, akajifuta mikono taratibu.

"Nimwambie nini? Baba yako alinifichia barua ya kazi ya posta. Niliikuta kwenye koti lake, siku ya kumvika kwa maziko." Akamgeukia Jacinth. "Mwanangu, sanduku langu liko juu ya kabati. Lina vumbi, lipanguse."

Jacinth hakulia. Alivua pete, akaiacha ndani ya bati tupu la keki, ikalia ting.

Kwa Mwalimu Eudine alifika jua bado liko juu, sanduku mkono huu, karatasi mkono ule.

"Hizi ni insha au keki?" Mwalimu alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kalamu ya kijani haikugusa karatasi. "Na zinanukia vanila! Ewe binti, ulikuwa umefichwa wapi?"

"Hapo hapo, Mwalimu. Jikoni."

Mwalimu alivuta fomu ya mtihani, akamsogezea.

Simu ikatetemeka. "Nipo getini. Toka, tuongee."

Jacinth alichungulia. Alikuwepo kweli, kofia mkononi, anatazama mlangoni. Akamtazama kidogo, moyo ukimuuma, maana alimpenda huyo mtu.

Kisha akaifudikiza simu juu ya meza.

"Naomba kalamu, Mwalimu. Jina langu nitaliandika mwenyewe."