Mahindi Mabovu ya Kuku

Kila jioni Gaudiosa alipotoka shule, alimwamkia bibi yake Luisa, kisha akaketi kuchambua mahindi. Punje safi zilikuwa za unga. Zilizoota ukungu, za kijani na nyeusi, zilikuwa za kuku. Ndivyo walivyofanya majirani wote pale Namswea, na hakuna aliyeona ubaya. Mwaka ule mahindi yalitiwa ghalani yakiwa mabichi, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva na mikono ilikuwa michache. Basi mengi yakaota ukungu, na kuku walikula wakasaza.

Kuku wenyewe walikuwa jogoo na mitetea wawili, walioachwa na mama yake Gaudiosa alipofariki. Mtoto hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mama iliyo hai. Ndiyo maana alichambua kwa bidii, asiwapunje chakula chao.

Mtetea mweusi alipoatamia, yaliyoanguliwa ni mayai mawili tu. Vifaranga walitoka wamenyong'onyea, wakafa upesi. Kisha mtetea mwenyewe akafa. Bibi alidhani ni ugonjwa wa kideri, lakini kuku walikuwa wamechanjwa. Gaudiosa aliumia sana. Aliona kama anampoteza mama mara ya pili.

Bibi akamwita bwana mifugo, Zabron. Alimpasua yule mtetea, akawaonyesha ini lililopauka na kuwa la njano. Alipouliza kuku walikuwa wakila nini, Gaudiosa akamletea ungo wenye mahindi mabovu.

"Ukungu huu una sumu," Zabron akasema. "Humdhoofisha kuku, huingia katika yai, na kifaranga huipata kabla hajaliona jua. Hata ukiyachemsha mahindi haya, sumu haitoki."

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua kuku wa mama, bibi?"

Bibi akamvuta karibu. "Mimi ndiye niliyekufundisha, mjukuu wangu. Nami nilifundishwa hivyo hivyo."

Walichimba shimo, wakayafukia mahindi mabovu ingawa ghala lilibaki karibu tupu. Yaliyosalia waliyaanika juani juu ya turubai mpaka yakakauka kabisa. Mtetea wa pili, mwekundu, alidhoofu, lakini hakufa. Baada ya miezi kadhaa aliatamia, na vifaranga wakatoka wakimkimbilia mama yao. Mmoja alikuwa mweusi. Gaudiosa alimshika kiganjani, akalia.

"Bidii yako ilikuwa njema," bibi akamwambia. "Lakini bidii bila maarifa huua. Kuanzia leo, kisichofaa chungu chetu hakifai banda letu."