Safu Isiyokuwamo Kwenye Fomu

Asubuhi za Juni kijijini Lipembe zina baridi ya kupasua midomo. Kunigunda, mwanafunzi wa darasa la sita, aliamka mapema kama kawaida yake, akachota maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea baba yake uji shambani. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza. Siku nyingine za likizo angebaki hukohuko akichuma hadi jioni, lakini Jumatatu hiyo alikuwa na kazi nyingine.

"Leo ndiyo mnaanza kuhesabu?" baba yake, Mzee Urbani, aliuliza huku akipokea kikombe.

"Ndiyo, baba. Mimi na Getrude, siku saba. Mwalimu Dorah ametupa fomu."

"Hesabuni vizuri. Mwaka huu nikibeba viroba kichwani hadi kwenye lami, shingo itaingia kifuani."

Barabara ya kutoka Lipembe hadi kwenye lami ilikuwa na urefu wa kilomita tisa, na katikati yake ulipita Mto Lukali. Mwezi Machi mafuriko yalilizoa daraja la miti. Tangu hapo hapakuwa na lori lililofika kijijini. Wanakijiji walikuwa wamelaza magogo mawili juu ya maji. Watu walivuka wameshikana mikono, na pikipiki zilisukumwa polepole huku abiria wakitangulia kwa miguu.

Wiki iliyopita Mhandisi Erasmo wa wilayani alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Hakuficha jambo. Vijiji vitatu vilikuwa vimeomba kutengenezewa barabara, na fedha zilizopo zilitosha barabara moja tu. Kwa utaratibu wao, barabara iliyopitisha magari mengi ndiyo iliyotangulia. "Hesabuni kwa siku saba," alisema, "mniletee ukweli." Kwa kuwa watu wazima walikuwa wakivuna, Mwalimu Dorah alijitolea kuwasimamia wanafunzi wawili wafanye kazi hiyo.

Kunigunda na Getrude walikaa juu ya jiwe karibu na kivuko. Fomu ilikuwa na safu nne: malori, mabasi, magari madogo na pikipiki. Hadi saa sita mchana walikuwa wameandika pikipiki tatu. Safu nyingine zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka wilayani.

Mara akafika Steven, kaka yake Kunigunda, ambaye alikuwa dereva wa bodaboda. Aliisukuma pikipiki hadi ng'ambo, akageuka, akarudi, kisha akavuka tena.

"Nimepita mara tatu. Umeandika?" aliuliza akihema.

"Kaka, wewe ni mmoja!"

"Mmoja atatuletea barabara gani? Unadhani wale wa vijiji vingine wanaandika moja moja? Weka na malori hapo. Nani atakuja kuhakikisha?"

Steven alipoondoka, Kunigunda aliitazama safu ile tupu kwa muda mrefu. Alifikiria shingo ya baba yake. Kisha akaandika: malori sita.

Getrude alishtuka. "Lori gani limepita hapa?"

"Yangepita kama daraja lingekuwepo," Kunigunda alijibu, bila kumtazama usoni.

Jumatano alasiri shangazi yake, Beata, alitokea upande wa pili wa mto. Alikuwa ameolewa Lundo, kandokando ya Ziwa Nyasa, na kila mwezi alipanda milimani kuuza usipa wakavu, dagaa wa ziwa hilo, akarudi na mahindi. Gari lilikuwa limemshusha kwenye lami, naye akatembea na ndoo yake kichwani.

"Shikamoo, shangazi!" Kunigunda alipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu! Ngoja nivuke kwanza, tusalimiane vizuri."

Alikuwa amefika katikati gogo lilipozunguka kidogo. Mguu ukateleza. Shangazi aliwahi kulikumbatia gogo kwa mikono miwili, lakini ndoo ilianguka, na usipa wakatawanyika juu ya maji kama majani makavu. Wasichana walikimbia, wakamvuta, kisha wakaokoa walichoweza. Hawakupata hata robo ya ndoo.

Shangazi Beata alikaa chini akikamua kanga yake. Hakulia. Baada ya muda aliiona ile karatasi.

"Hiyo ndiyo hesabu ya barabara niliyoisikia? Haya, niandike na mimi. Si nimepita?"

Kunigunda aliitazama fomu. "Shangazi, hakuna nafasi ya mtu anayetembea. Ni magari tu."

"Kumbe," shangazi alisema taratibu. "Basi barabara hii ni ya nani?"

Kunigunda aligeuka kuitazama njia. Mchana ule peke yake alikuwa ameona wanawake wenye viroba, wazee wenye fimbo, na watoto waliokwenda zahanati, na hakuna aliyekuwamo kwenye fomu. Waliokuwamo ni malori sita ambayo hayakuwepo duniani.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Dorah. Mwalimu huyo alitoka Singida, na ulikuwa mwaka wake wa tatu Lipembe. Alikuwa akichambua maharage.

"Mwalimu, nimeandika uongo," Kunigunda alisema kabla hata ya kukaa.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua fomu. "Hebu fikiri. Tunaomba nini?"

"Daraja."

"Mhandisi akisoma kwamba malori sita yamevuka mto siku moja, atasema nini?"

Kunigunda aliinamisha kichwa. "Atasema hatuhitaji daraja."

"Umeona? Uongo wako ungetunyima kitu kilekile tunachokiomba. Usifute. Pitisha mstari mmoja, andika kando kwamba si kweli, halafu weka jina lako. Kesho mtaanza upya siku saba, kwa fomu nyingine."

"Na wale wanaotembea, mwalimu? Hawana safu."

Mwalimu Dorah aliigeuza karatasi. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu. "Rula unayo," alisema.

Steven alipopata habari alikasirika, na hakuzungumza na dada yake siku mbili. Lakini wasichana waliendelea. Walikaa kivukoni tangu alfajiri hadi jua lilipozama. Walihesabu watu na mizigo, na kwa ruhusa ya chama cha ushirika waliazima mizani ya kahawa, wakapima mizigo ya waliokubali kutua. Siku ya tano mama mjamzito alivushwa kwa machela, wanaume wanne wakiingia majini hadi kiunoni. Getrude alimchorea safu yake.

Mhandisi Erasmo aliporudi, aliusoma upande wa mbele wa fomu ya pili mbele ya mkutano. "Malori, hakuna. Mabasi, hakuna. Magari madogo, moja, liligeuza. Pikipiki, arobaini na moja." Minong'ono ikaanza. Kisha akauliza, "Na haya malori sita yaliyokatwa katika karatasi hii ya kwanza?"

Kunigunda alisimama. "Ni mimi, mhandisi. Niliandika uongo ili tupate barabara. Naomba radhi. Ukweli mwingine uko nyuma ya ile fomu ya pili."

Mhandisi aligeuza ukurasa. Alisoma kimya, halafu kwa sauti. "Watembea kwa miguu, elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Mizigo kichwani, mia nne themanini na sita. Waliobebwa kwa machela, wawili."

Aliikunja karatasi. "Utaratibu wetu unahesabu magurudumu," alisema. "Lakini pasipo na daraja, magurudumu yatatoka wapi? Anayekosa ataendelea kukosa. Siwezi kuwaahidi kitu. Ila karatasi hii nitaipeleka kama ilivyo, pande zote mbili."

Jibu lilikuja Septemba. Fedha hazikutosha kilomita zote tisa. Zilitosha daraja dogo la mawe, endapo wanakijiji wangekusanya mawe na mchanga. Watu hawakusubiri kuambiwa mara ya pili. Kila Jumamosi walishuka mtoni, na Steven alibeba mchanga kwa pikipiki bila kudai nauli. Kabla ya mvua za Desemba lori la kwanza lilivuka, likapanda kuchukua mahindi, watoto wakilikimbilia kwa vifijo.

Siku hiyo Mhandisi Erasmo aliwakusanya wanafunzi pembeni mwa daraja. Alikuwa na fomu mpya za wilaya, zenye safu ya tano: watembea kwa miguu na mizigo yao.

"Wanangu," alisema, "fedha za umma ni chache kila mwaka, na kila kijiji kina shida ya kweli. Anayedanganya ili apewe kwanza humwibia mwenzake, na mara nyingi hujiibia mwenyewe. Kunigunda alikosea, akasahihisha hadharani, na kwa sababu hiyo tuliamini kila namba iliyofuata. Ukweli ulioupima kwa jasho lako, useme hata kama hakuna aliyekuuliza. Kilomita zilizobaki tutaziombea fedha mwakani."

Kisha akamkabidhi Kunigunda fungu la fomu hizo, akamwomba awafundishe wanafunzi wa Lundo, kijiji cha shangazi Beata ambacho nacho kilikuwa kikiomba barabara, namna ya kuhesabu.